Barua kwa mwanangu anayekwenda Berlin

Mwanangu mpendwa,

Sisi hatujambo, na mama yako anakusalimu. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili peke yangu, na mara ya tatu mama yako ameusoma kwa sauti huku akinitazama juu ya miwani, kana kwamba mimi ndiye niliyepanga ndege zitue usiku. Umeuliza: utakapofika Berlin Jumamosi ile ya mwezi wa sita, saa nne usiku, upande teksi mpaka hosteli mtakayofikia kule kwenye kitongoji cha Wedding, au upande treni? Bila shaka ulitarajia jibu la neno moja. Lakini umelelewa na mwalimu wa jiografia, na unajua kwamba nyumba hii haijawahi kutoa jibu la neno moja hata kwa mtu aliyeuliza ni saa ngapi.

Nianze na yaliyo mepesi. Ukishashuka kwenye ndege utapita kwa afisa wa uhamiaji hapo hapo Berlin, kwa sababu Istanbul, utakakobadilishia ndege, haimo katika nchi za Schengen, zile za Ulaya zilizofuta ukaguzi wa pasipoti kati yao. Afisa anaweza kutaka kuona barua ya mwaliko wa mafunzo, anwani ya hosteli, tiketi ya kurudi, na ile bima ya safari ambayo sharti lake ni kugharamia matibabu kwa kiasi kisichopungua euro 30,000. Karatasi hizo ziwe mkobani, si ndani ya begi kubwa, ambalo wakati huo litakuwa bado linazunguka mahali usipopaona. Samli ya bibi yako usiichukue, hata akinuna. Ulaya hawamruhusu abiria anayetoka kwetu kuingia na nyama wala vitu vya maziwa, na samli ni maziwa hata ikifungwa kwa kanga mbili kama alivyonifungia mimi.

Uwanja wa ndege wa sasa, unaoitwa BER, mimi sikuuona. Ulifunguliwa mwaka 2020 baada ya kuchelewa miaka mingi, habari iliyonifariji kidogo kuhusu miradi yetu wenyewe. Mimi nilitua Tegel, ambao sasa umefungwa. Kwa hiyo haya ninayokuandikia ni ya binamu yako aliye huko, niliyempigia simu Ijumaa na kuyanakili kwenye daftari. Anasema stesheni ya treni iko chini ya jengo la abiria, huna haja ya kutoka nje. Kuna treni ya haraka iliyoandikwa FEX, ambayo hufika stesheni kuu, Hauptbahnhof, kwa muda usiozidi nusu saa, na kuna S9, ambayo husimama vituo vingi zaidi lakini itakufikisha Friedrichstraße bila kubadili. Hapo utateremka chini ya ardhi upande U6 inayoelekea Alt-Tegel, uhesabu vituo, na cha saba kitakuwa Seestraße, kituo chako. Mji wao umegawanywa katika kanda A, B na C, na uwanja wa ndege uko C, kwa hiyo tiketi yako iwe ya ABC. Mwenye tiketi ya AB akikaguliwa huko nje hutendewa kama asiye na tiketi kabisa. Tiketi ya safari moja hudumu saa mbili, na ndani ya muda huo unaweza kubadili treni na basi upendavyo, mradi usigeuze kurudi ulikotoka. Siku za kazi treni za chini ya ardhi hulala kuanzia kama saa saba usiku mpaka alfajiri, lakini usiku wa Jumamosi hazilali, kwa hiyo hata ndege ikichelewa hutakwama.

Sasa nifike kwenye tiketi yenyewe, na hapa nakuomba usome taratibu.

Umezoea mwendokasi wa Dar es Salaam, ambako hupiti getini bila tiketi, na SGR, ambako unakaguliwa kabla hujaliona behewa. Berlin hakuna geti. Unateremka ngazi kutoka barabarani, treni inakuja, mlango unafunguka, unaingia, na hakuna anayekuuliza neno. Mgeni hudhani ameachwa huru, kumbe ameachiwa dhamana. Tiketi ya karatasi unayoinunua kwenye mashine, kama haikutoka na tarehe na saa, ni lazima uitie mwenyewe katika kisanduku kinachosimama pale kwenye jukwaa, kiipige muhuri, kabla hujapanda. Isiyopigwa muhuri ni karatasi tu. Ukiinunua kwa simu, inunue kabla mguu wako haujaingia kwenye behewa. Wakaguzi mara nyingi hawavai sare. Huingia kama abiria wengine, mlango ukifungwa ndipo husema „Fahrscheine, bitte“, yaani tiketi tafadhali, na faini siku hizi ni euro 60.

Mwaka 2011 ilikuwa euro 40, na hilo sikulisoma popote.

Unajua kwamba nilikwenda na msafara wa walimu, na unajua kwamba nilikuwa mkuu wa msafara, maana mama yako hukukumbusha kila ninapojisahau. Siku ya tisa tulipewa mchana wa mapumziko. Wenzangu walikwenda madukani. Mimi nilikuwa na safari moja tu moyoni, nayo ni ile ambayo mtoto yeyote aliyezaliwa Lindi angekuwa nayo: kumwona mjusi wa Tendaguru, yaani mifupa ya yule dinosaria aliyechimbuliwa kwetu. Hadithi hiyo umelala nayo tangu ukiwa kwenye mkeka wa bibi yako, lakini niiweke hapa kwa ajili ya nafsi yangu. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale Tendaguru, vita vya Maji Maji vikiwa havijamaliza hata miaka miwili tangu vizimwe, na mifupa waliyoitoa, zaidi ya tani 200, ilibebwa mabegani na vichwani kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wa wapagazi hao. Bega lake la kulia lilikuwa na ngozi ngumu kama ya goti, na alipokuwa mzee alitushikisha sisi wajukuu, mmoja mmoja, kama mtu anayeonyesha cheti.

Basi nilifika kituo cha Mehringdamm, nikanunua tiketi kwenye mashine. Nilimwona mwanamke mmoja mtu mzima akiitia tiketi yake kwenye kisanduku, kikatoa mlio mdogo, akaenda zake. Nikajiuliza anafanya nini. Nikamtazama, naye akanitazama, na lau ningemwonyesha tiketi yangu tu, bila hata neno, angenielekeza. Sikumwonyesha. Nilikuwa nimevaa koti na tai, mkuu wa msafara, mwalimu wa miaka mingi, nikaona haya kuuliza jambo ambalo bibi mwenye kikapu analijua. Nimekwambia tangu ulipokuwa darasa la pili, na nitakwambia tena: mgeni hapotezwi na njia, hupotezwa na haya.

Waliingia baada ya Stadtmitte, kijana mmoja na mwanamke mmoja, na walianza na mimi. Nikatoa tiketi yangu kwa fahari ya mtu aliyelipa. Yule kijana akaigeuza, akaigeuza tena, akanirudishia uso ambao bado ninao. Tukateremshwa Friedrichstraße. Nilieleza kwa Kiingereza kwamba nimenunua, kwamba saa moja haijapita, kwamba mashine yenyewe ingeweza kunishuhudia. Alinijibu kwa utulivu sana, na utulivu huo ndio uliouma, kwa maana mtu akikufokea unapata walau haki ya kukasirika. Nililipa euro 40 taslimu pale pale kwenye jukwaa, watu wakipita. Ilikuwa imebaki vituo viwili tu kufika Naturkundemuseum. Mifupa ile babu yangu aliibeba bila kuulizwa kama anataka, ikavuka bahari, na mjukuu wake alipokwenda kuitazama akatozwa faini njiani.

Kwa miaka yote hii nimebishana na nafsi yangu: kwa nini walianza na mimi? Behewa lilikuwa na watu kama thelathini, na mweusi nilikuwa peke yangu. Kuna usiku ninaamka nikiwa na hakika kabisa. Kisha nakumbuka kwamba nilikaa karibu na mlango walioingilia, na lazima awepo wa kwanza. Nakumbuka pia kwamba pale kwenye jukwaa alikuwapo kijana wa Kijerumani mwenye mkoba wa mgongoni, aliyeteremshwa pamoja nami, ambaye alitoa kitambulisho chake akicheka kama mtu aliyezoea. Mama yako anasema mimi na kijana huyo wote wawili tulikuwa na makosa, basi. Binamu yako, aliyekaa huko miaka kumi na mbili, hasemi hivyo, na mambo mengine aliyonisimulia sitayaandika hapa. Ningependa sana kukupa hukumu, na nimekaribia kuiandika mara mbili katika aya hii hii, lakini utakwenda na macho yako mwenyewe. Ninalojua kwa hakika ni kwamba siku hiyo tiketi yangu haikuwa na muhuri, na kwamba nilikiona kile kisanduku.

Sasa nitakwambia jambo ambalo hata mama yako halijui, na ukilisoma hapa ujue nimelifikiria kwa siku tatu. Baada ya kulipa, zilibaki euro za kutosha kununua kiingilio cha makumbusho. Hamu ndiyo iliyokwisha. Nilipanda ngazi, nikatoka nje, na kwa kuwa niliogopa kupanda treni nyingine, nikarudi kwa miguu, Friedrichstraße yote mpaka Mehringdamm, nikiwa na koti na tai. Mjusi sikumwona. Yale yote niliyomsimulia bibi yako niliporudi, kwamba ana urefu wa zaidi ya mita 13 kutoka sakafuni, kwamba shingo yake inapanda kama mnazi ndani ya ukumbi, kwamba nilisimama chini ya mbavu zake nikasoma dua, yalitoka katika kijitabu nilichokikuta kwenye meza ya hoteli, isipokuwa dua, ambayo niliitunga. Bibi yako alilia siku ile. Kila sikukuu ananitaka nisimulie tena mbele ya wageni, nami nasimulia, na kila mwaka naongeza kitu.

Makumbusho yako Invalidenstraße, na kituo ni kile cha Naturkundemuseum, cha pili baada ya Friedrichstraße kwenye hiyo hiyo U6 utakayoipanda ukitoka uwanja wa ndege. Hayafunguliwi Jumatatu. Mjusi jina lake la kitaalamu ni Giraffatitan. Piga picha, na umwombe mtu akupige wewe ukiwa umesimama karibu na mguu, ili bibi aone kipimo. Kama utaona jambo linalopingana na hadithi yangu, uniambie mimi kwanza.

Ukiendelea kwa U6 vituo viwili kupita hosteli yenu utafika Afrikanische Straße, na huko kuna mitaa iliyopewa majina ya kwetu, Sansibarstraße ikiwamo. Iliyokuwa Petersallee, jina ambalo mtaa huo ulipewa zamani kwa heshima ya yule Carl Peters, tangu mwezi wa nane mwaka 2024 sehemu yake inaitwa Maji-Maji-Allee. Binamu yako alinitumia picha ya kibao, nami nikaikuza mpaka herufi zikavunjika. Katika matembezi hayo usitembee kwenye njia ya baiskeli, ambayo mara nyingi iko juu ya kibaraza hicho hicho cha waenda kwa miguu, kwani waendesha baiskeli wa huko hawana subira ya bodaboda. Taa ikiwa nyekundu usivuke hata barabara ikiwa tupu, hasa mbele ya watoto. Chupa za plastiki usizitupe, maana nyingi zina amana ya senti 25 unayorudishiwa dukani. Na kwa kuwa unafika Jumamosi usiku, kumbuka kwamba Jumapili maduka hufungwa karibu yote, isipokuwa yaliyo ndani ya stesheni kubwa kama Hauptbahnhof, kwa hiyo beba visheti vya kukutosha mpaka Jumatatu asubuhi. Hivyo mama yako ameshaanza kuvitengeneza.

Kuhusu teksi, ambayo ndiyo uliyoniuliza: zina rangi ya maziwa, zinasimama mbele ya jengo, na kutoka BER mpaka Wedding utalipa zaidi ya euro 50. Mama yako ameshazitenga ndani ya bahasha, akaandika juu yake „TEKSI“ kwa herufi kubwa, ili nisije nikakushauri vingine. Mwezi wa sita huko giza huchelewa, saa nne usiku mbingu bado ina mwanga upande mmoja, na treni zitakuwa zimejaa watu. Lakini begi lako ni zito, na utakuwa umechoka, na ni kweli kwamba usiku wa kwanza si usiku wa kujifunza. Kwa hiyo sikuamulii. Ila ukiamua treni, usiseme ni mimi, na hizo euro za bahasha mnunulie bibi yako kitu kwenye duka la makumbusho.

Ni mimi baba yako.