Anayekuja kuazima usiku

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama sheria iwalazimishe raia wenye silaha kuzitunza kituo cha polisi na kuzichukua kwa kibali tu. Mimi ni mmoja wa raia hao. Leseni ninayo, na bunduki yangu niliipeleka kwenye uhakiki wa silaha wa 2016. Swali limenichoma, kwa sababu linamfikiria mwenye bastola wa mjini. Mimi nalima Rufiji.

Anayelijua bonde letu anajua kwamba msimu wa kilimo tunahamia shambani, tunalala juu ya dungu, usiku tunapokezana kupiga madebe. Anayetumalizia chakula si tembo mnayemsikia redioni, ni nguruwe. Mpaka nifike kituoni, nipate kibali na kurudi, mahindi yamekwisha. Halafu polisi nako kuna usalama gani? Julai 2015 kituo cha polisi cha Stakishari, Dar es Salaam, kilivamiwa, askari wakauawa, silaha zikaporwa. Mauaji ya askari na viongozi wa vijiji Kibiti 2017 sisi wa huku hatuhitaji kukumbushwa.

Lakini linaloniumiza zaidi ni kuazimana.

Marehemu baba alikuwa na gobole lenye leseni. Msimu mmoja simba walikuwa wanakula watu huku kwetu. Watu zaidi ya 30 walikufa kabla ya yule simba msumbufu kuuawa 2004. Usiku hakuna aliyethubutu kutembea. Basi usiku mmoja tukasikia mtu chini ya dungu anamwita baba kwa sauti ya chini. Alikuwa jirani yetu, ameshika mwenge wa makuti, jasho linamtiririka. Nguruwe wameingia kwake.

"Kaka, niazime gobole. Nipige mlio mmoja tu."

Lilikuwa limeshashindiliwa: baruti, makumbi ya nazi, vipande vya chuma, makumbi tena. Fataki tu ndiyo baba alikuwa ameitoa na kuifungia kwenye pindo la shuka. Akalilaza gobole magotini, akalishika kwa mikono miwili.

"Ndugu yangu, hili lina jina langu. Nitakuja mwenyewe."

Mama akamkamata mkono. "Ukienda, hawa watoto unamwachia nani?"

Baba hakusogea. Jirani alisimama pale chini akitutazama, majivu ya mwenge yanamdondokea mkononi na wala hayapangusi. Kisha akageuka, akaingia gizani peke yake. Tulimsikia akipiga debe mpaka karibu na alfajiri. Mwaka ule familia yake ilikula unga wa kununua. Salamu za baba aliendelea kuzijibu, ila barazani kwetu hakukaa tena mpaka baba anafariki.

Nilikaa kuandika nikiwa na hapana moja kubwa, na sasa naona inalegea. Baba aliweza kukataa. Wengi hawawezi. Nimeona gobole likitolewa kwa mtu asiye na leseni kwa kuwa tu ni shemeji, likaenda porini kutafuta kitoweo, likarudi baada ya wiki bila maelezo. Likiua mtu huko, anayetafutwa ni mwenye jina. Tena mwenye leseni akifariki, silaha hubaki darini wajukuu wakiichungulia huku ndugu wakivutana juu ya mirathi. Gobole lingekuwa linatunzwa polisi, baba asingeombwa usiku ule, na wazee wale wawili wangezikana wakiwa marafiki.

Kwa hiyo naunga mkono, ila kwa masharti. Mavuno yakiisha, silaha zipelekwe kituoni kwa stakabadhi yenye namba ya bunduki, zipakwe mafuta zisipate kutu, na mtu asidaiwe ada ya kutunziwa. Msimu ukianza zirudi kwa wenyewe, serikali ya kijiji ikiwa shahidi. Askari wa wanyamapori wa vijiji nao wafukuze nguruwe kama wanavyofukuza tembo, ili jirani asiye na bunduki awe na wa kumwita. Likikosekana hata moja kati ya hayo, jibu langu ni hapana. Na hata yakitimia yote, simba wakirudi kama miaka ile, siahidi kwamba nitaipeleka yangu kwa moyo mmoja. Kwa hali ya namna hiyo sheria iwe na kifungu cha dharura, na kibali chake kitolewe kwenye kata, siyo wilayani.

Msomaji, Rufiji