Fomu ya mdahalo inapima nini hasa?

SWALI: Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Moshi na nasimamia klabu ya midahalo. Wanafunzi ndio waamuzi. Fomu yetu ina alama 100: 20 za kutazama hadhira, 15 za kuzungumza bila kusitasita, 10 za kusimama wima. Tuna msichana mwenye kigugumizi na mvulana asiyeona. Hoja zao nzito, lakini fainali hawafiki. Nitawafundishaje waamuzi kuuona ubaguzi huu bila kuhubiri?

JIBU: Mwalimu, alama 45 hapo hazigusi hoja kabisa. Anza na fomu yenyewe. Igawe darasani, kisha kwa kila kipengele uliza: kikikosekana, msikilizaji anapoteza nini? Kwenye ushahidi watajibu haraka. Kwenye kusimama wima watakwama, waache wakwame. Kutazama hadhira kutazua ubishi, maana wengi wetu tumelelewa tusimkazie macho mkubwa anaposema nasi, na bado tunamsikia vizuri.

Mdahalo ujao, nusu ya waamuzi wasikilize na nusu wapewe maandishi ya hotuba zote, bila majina. Linganisha alama za hoja tu. Zikishuka kwa waliosikiliza, watajionea wenyewe kwamba kusita kumekula alama zisizohusiana nako. Waombe ruhusa wazungumzaji wote mapema, na usimtaje yeyote kuwa mfano.

Usiwafunge vitambaa machoni wala kuwaambia waigize kigugumizi. Huishia kicheko au huruma, na alama za huruma nazo ni ubaguzi, ila umevaa tabasamu.

Wanafunzi wengi hudhani kigugumizi ni woga. Waeleze kuwa kinatokana na namna ubongo unavyoratibu usemi, mara nyingi hurithiwa, na mtu huyohuyo anaweza kuimba kwaya bila kukwama. Kumwambia "tulia" hakumsaidii, na kuharakishwa humzidishia. Kwa hiyo mwongezeeni muda. Wakilalamika kuwa ni upendeleo, wakumbushe kwamba Baraza la Mitihani huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu, na hakuna anayesema wameiba mtihani.

Kwenye fomu, "kutazama hadhira" iwe "kushika usikivu wa hadhira", na "bila kusitasita" iwe "mtiririko wa hoja unafuatika". Kusimama wima kufuteni. Mkihitaji mtu wa kuipitia pamoja nanyi, Chuo cha Ualimu Patandi, pale Tengeru, kinaandaa walimu wa elimu maalumu. Kutoka Moshi si mbali.