Je, sumu ndiyo inayoua mwani wa kijani?

Ndugu, umeuliza kama sumu ya sayanobakteria (bakteria wanaofanya usanisinuru) ndiyo iliyofukuza mwani wa kijani katika Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, pale Kisumu. Kwa maoni yangu sumu ina mchango wake, ila mshitakiwa mkuu ni kivuli.

Maikrosistini, sumu ya sayanobakteria aitwaye Microcystis, huzuia vimeng'enya vinavyoondoa fosfeti kwenye protini. Mwani wa kijani nao unavyo vimeng'enya hivyo. Maabarani, dozi kubwa hupunguza ukuaji, huvuruga usanisinuru na kuzalisha kemikali kali za oksijeni zinazoharibu utando wa seli. Hata Chlamydomonas, mwani wa kijani anayeogelea kwa mikia yake miwili, amewahi kuonekana akipooza na kuzama chini. Na hilo ni kubwa, kwa sababu aliyezama hapati mwanga.

Lakini angalia kiwango. Sumu hii nyingi hukaa ndani ya seli za Microcystis mpaka zife na kupasuka, na molekuli yake ni kubwa, haipenyi kirahisi. Kwa viwango vya kawaida vya ziwani, Chlorella na Scenedesmus, ambao pia ni mwani wa kijani, mara nyingi hustahimili. Kinachowamaliza ni lile tandiko la kijani juu ya maji: Microcystis ana vifuko vya hewa, huelea na kuwaziba jua wote walio chini.

Ukifanya jaribio lako, tenganisha mambo hayo mawili, sumu na kivuli. Chuja maji ya ghuba, mweke Chlorella humo kwenye mwanga wa kutosha, umlinganishe na aliye kwenye maji safi yenye virutubisho vilevile.