Paprika: ndoto inaanzia wapi?

Mkuu, umeuliza ndani ya Paprika, ile filamu ya katuni ya Kijapani, ndoto inaishia wapi na uhalisia unaanzia wapi, maana umeitazama mpaka mwisho hukuambulia kitu. Mimi naediti video za harusi na filamu hii nimeirudia mara nyingi, kwa hiyo nakujibu kwa jicho la mhariri.

Mpaka huo mwongozaji wake, Satoshi Kon, aliufuta makusudi. Filamu nyingi zikiingia ndotoni hukupa taarifa: ukungu, rangi kufifia, sauti kupiga mwangwi. Yeye hakupi. Rudia pale ofisini kwa Daktari Shima, mmoja wa watafiti wa ndoto. Mzee anaongea vizuri tu, mara maneno yanapinda, anataja vyura na ngoma zao, huku sura ni ileile na sauti ina uhakika uleule. Wenzake wanapokuja kushtuka, keshatimua mbio na kujirusha dirishani. Au pale Chiba, tabibu mwenzake, anaporuka uzio kwenye bustani ya michezo, kumbe yuko juu ghorofani, nusura aanguke kutoka barazani. Na sisi watazamaji tuliuruka ule uzio pamoja naye!

Sababu imetajwa mapema, ila inapita haraka. Kile kifaa cha DC Mini, cha kumwezesha tabibu kuingia ndotoni mwa mgonjwa, kiliibwa kabla hakijawekewa kizuizi cha nani akitumie. Mwizi anaweza kukuvamia hata ukiwa macho. Ukilishika hilo, yale maandamano ya ndotoni ya majokofu na midoli hayakuchanganyi tena.

Ushauri wangu: ukiirudia, achana kwanza na mwizi, mfuate mpelelezi Konakawa. Kwangu yeye ndiye moyo wa filamu. Ndoto yake inaanzia kwenye sarakasi, anadondoka, anajikuta ananing'inia kwenye kamba za msituni, kisha ananyongwa ndani ya treni, kisha yuko kwenye korido ambayo sakafu yake inayumba asimfikie mtu aliyepigwa risasi. Tazama Kon anavyounga: mwendo ulioanza kwenye shoti moja unamaliziwa kwenye nyingine, jicho halipati nafasi ya kuuliza. Mimi hufanya hivyo kuunganisha ukumbini na kanisani, na najua kazi yake ilivyo ngumu. Baadaye ndipo unajua kwamba ujanani Konakawa alianza kutengeneza filamu na rafiki yake, akaiacha, na rafiki akafariki. Aliyeuawa kwenye korido ana sura ya Konakawa mwenyewe. Ndiyo maana anadai hapendi sinema, na ndiyo maana mwishoni kununua tiketi kwake ni jambo kubwa.

Hii ya 2006 ndiyo filamu ndefu ya mwisho aliyoimaliza. Alifariki 2010 akiwa na miaka 46 tu, na bado inaniuma. Ukitoka hapo tafuta Perfect Blue ya 1997, halafu Millennium Actress. Ila usiwawekee watoto kwa kuona ni katuni. Ile sehemu ya mtafiti Osanai na Paprika (ndiye Chiba akiwa ndotoni) pale mezani si ya kuangalia na mtoto.