Upendo wa vitendo kwa asiye na hela: anzeni na daftari la zamu

Mleta mada kauliza: Mkristo asiye na kipato cha maana ataonyeshaje upendo kwa vitendo, maana kila akisogea kanisani anakutana na bahasha ya mchango? Nakujibu kwa niliyoyaona kwenye jumuiya yetu ndogondogo ya Kikatoliki hapa Dar.

Mkuu, tusidanganyane, msiba tunauweza. Mtu akifariki asubuhi, jioni kamati imeshakaa, turubai limefungwa na kina mama wako jikoni. Ila mtu huyohuyo alipokuwa kitandani miezi na miezi, tulikuwa tunamwendea kundi zima, tunasali rozari, tunaacha sukari na sabuni, tunapiga picha, haooo tunaondoka. Mkewe anabaki na mzigo uleule, na vikombe vyetu vya chai juu yake.

Alipougua mwanajumuiya mwingine, kiharusi, nesi mmoja mstaafu akatuwakia. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anatakiwa ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo anatoka vidonda mgongoni na makalioni. Sasa nani amgeuze usiku kucha halafu alfajiri awahi sokoni kununua mboga za genge?

Tukaandika zamu. Vijana wawili wawili usiku, maana kumgeuza mwanaume mzima kunataka nguvu, na mwenyewe alikuwa haoni raha kuogeshwa na kina mama. Mmoja anafua mashuka. Mwingine anakaa gengeni mchana mke alale. Bodaboda wetu anatumwa dawa, anarudishiwa hela ya mafuta tu. Waliobeba kazi kubwa ni walewale ambao kwenye orodha ya michango majina yao huwa mwishoni.

Wanaosema haya ni mambo ya ustawi wa jamii, si ya kiroho, wasome Matendo ya Mitume sura ya 6. Wajane wa upande mmoja walikuwa wanasahaulika katika huduma ya kila siku, kukawa na manung'uniko. Mitume wakaagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, wasimamie jambo hilo. Hiyo ni kamati kabisa, na haikusubiri msiba!

Tahadhari: ulizeni familia kwanza, wapo wasiopenda watu waingie chumbani. Mliyoyaona humo yasifike kwenye grupu la WhatsApp. Na msimpe mtu zamu nzito kila wiki. Mwezi wa kwanza kila mtu ana moto, wa tatu simu hazipokelewi.

Zamu iliyotusumbua ni Jumapili asubuhi, wote tuko misani. Jirani yao Mwislamu akasema hiyo mwachieni yeye. Tukamwandika kwenye daftari, na hakuwahi kukosa.