Zizini na Mzee Saisi: "Hachechemei tena, nimfungulie?"

*Shikamoo Mzee Saisi. Nina farasi mmoja tu, dume aliyehasiwa, wa kijivu, umri wake miaka 11. Anabeba watoto na wageni ufukweni huku kaskazini mwa Mombasa. Mwisho wa likizo ya Agosti alikimbia kwenye mchanga mkavu, akakanyaga vibaya. Kesho yake nyuma ya muundi wa mguu wa mbele wa kushoto palikuwa pamevimba, pamebinuka kama upinde, na pana joto. Daktari wa mifugo alimpima kwa altrasaundi, akasema kano (ule ugwe unaounganisha nyama na mfupa) imechanika katikati. Akaagiza miezi 3 ya kukaa bandani, na karibu mwaka mzima kabla ya kubeba wageni tena. Sasa ni wiki ya 6. Hachechemei hata kidogo, uvimbe umepungua, ila amekuwa shetani: anauma, anapiga mlango mateke, anazunguka usiku kucha. Chakula nampa kama zamani asije akakonda. Jirani anasema nimfungulie kwenye minazi ajinyooshe, na mjomba anataka tumchome mguu kwa chuma cha moto. Desemba nayo inakuja, Mzee, na ndiyo mavuno yetu. Nifanyeje?*
*– Kijana wa Mtwapa*

Marahaba, mwanangu. Usimfungulie. Nimetanguliza jibu kwa sababu nahisi unanisoma mkono mmoja uko kwenye komeo.

Barua yako nimeirudia mara tatu, na kila nikifika pale "hachechemei hata kidogo" nywele zinanisimama. Hiyo ndiyo wiki mbaya. Wiki ya kwanza farasi hujilinda mwenyewe, maana mguu unamuuma. Wiki ya 6 maumivu yamekwisha, yeye anajiona mzima, wewe unamwona mzima, na kano bado haijawa kano.

Wewe ni mtu wa pwani, kamba ya makumbi unaijua. Uzi mmoja mmoja hauna nguvu, lakini nyuzi zikilazwa upande mmoja zikasokotwa, zinafunga jahazi. Kano nzima iko hivyo, nyuzi zake zimelala sambamba toka juu hadi chini. Ikichanika, mwili huziba pengo kwa nyuzi za bora liende, zimelala huku na huku kama makumbi yaliyomwagwa uani. Ukitazama kwa mbali, pengo limejaa. Funga jahazi sasa uone. Na kwa kuwa damu inayofika kwenye kano ni kidogo, jeraha ambalo nyama ingelimaliza kwa wiki chache, kano hulichukulia miezi. Kinachozipanga nyuzi hizo mpya ni mzigo mdogo unaoongezwa polepole, yaani kumtembeza kwa mkono. Ukimfungia tu bila kumtembeza, makumbi yanakosa msokotaji. Ukimwachia akimbie, unakata hata zile nyuzi chache zilizoanza kushika.

Haya sikuyasoma mahali. Mwaka 1988 nilikuwa kijana wa miaka 22, saisi, yaani mtunza farasi, katika zizi moja karibu na uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi. Nilikabidhiwa farasi jike mwekundu, tulimwita Duma, naye ana upinde kama wa huyo wako. Nilimkalia wiki 7 kama mgonjwa wa nyumbani. Asubuhi moja banda limejaa kinyesi na mimi nimechelewa, nikasema moyoni, acha asimame kwenye uzio dakika kumi nizoe mavi. Hakusimama hata dakika moja. Alirusha mateke mawili, akazunguka uzio mbio, akageuka ghafla kwenye kona. Alirudi kwangu anatembea vizuri tu, masikio mbele, nikashukuru Mungu. Jioni mguu ulikuwa umenenepa kama muhogo wa shamba la mtu mwingine. Bosi alikuja, akaupapasa kutoka goti hadi kifundo, akasimama, akaondoka bila kuniambia neno. Duma hakurudi kwenye mbio.

Tuje kwa wako. Mpigie daktari umuulize kama ameruhusu matembezi, maana yeye ameiona picha ya kano na mimi sijaiona. Akiruhusu, anza na dakika 10 kwa siku, tano alfajiri na tano jioni. Kila wiki ongeza dakika 5 kwa jumla ya siku. Mwisho wa mwezi wa 3 utakuwa umefika dakika 40 hivi, na hapo apimwe tena kwa altrasaundi kabla ya kupanda ngazi nyingine. Hela ya kipimo hicho usiionee uchungu, kwa sababu mkono haujui kilichomo ndani ya kano. Picha ikiwa nzuri, katika mwezi wa 4 au wa 5 ataanza mwendo wa matiti kwa dakika chache (msicheke, ndilo neno la wazee kwa zile mbio ndogo za kudundadunda). Kukimbia hasa kunakuja baadaye sana, na kuachiwa peke yake kwenye minazi kunakuja mwisho kabisa. Jirani yako amekipeleka cha mwisho mwanzo.

Mtembeze juu ya ardhi ngumu na tambarare. Mchanga mkavu ndio uliomvunja, usimrudishe huko. Maji yakikupwa sana, ule mchanga mbichi ulioshikana ni mzuri, lakini angalia ufukwe usiwe umelala upande, maana atakuwa anakanyaga kama mtu mwenye kiatu kimoja. Ukigeuka, geuka kwa duara kubwa kama lori. Mtie lijamu, kamba peke yake haitamshika, na wewe vaa viatu vya kufunika vidole na glavu. Toka naye wakati ufukwe haujachangamka, kabla ya pikipiki na mbwa. Na kabla hajatoka, kila siku saa ile ile, pitisha mgongo wa kiganja nyuma ya miundi yote miwili. Ukikuta joto au unene ambao jana haukuwepo, siku hiyo hatoki, na daktari anapigiwa. Usimpe dawa ya maumivu ili atembee vizuri. Hapo utakuwa umeng'oa king'ora kwa sababu kinapiga kelele. Barafu ya wauza samaki, ikiwa imefungwa kwenye kitambaa, dakika 20 mara mbili tatu kwa siku, ingekufaa sana zile siku za mwanzo. Sasa zamu yake imepita.

Kwenye chakula nitakugombeza. Farasi anayesimama saa 23 na zaidi kwa siku unampa pumba na mahindi ya farasi anayebeba watu, halafu unashangaa amekuwa shetani? Umemjaza mafuta ya taa ukamfungia mlango. Ondoa nafaka zote, taratibu kwa siku chache, ubaki na nyasi kavu, chumvi na maji. Nyasi ngapi? Mpime. Futi ya fundi cherehani inaishia sentimita 150, kwa hiyo tumia kamba, kisha uipime kamba. Zungusha kifua nyuma ya miguu ya mbele, tuseme umepata 178. Pima urefu toka ncha ya bega hadi ncha ya tako, tuseme 155. Zidisha 178 kwa 178, zidisha kwa 155, gawanya kwa 11,880. Utapata kilo 413. Asilimia 2 yake ni kilo 8 na kidogo za nyasi kwa siku. Bunda la nyasi kavu za Boma Rhodes la kilo 15 litakaa chini ya siku mbili, yaani mabunda kama 16 au 17 kwa mwezi. Ni pesa, najua, hasa kwa nyasi zinazoteremka na lori kutoka bara, lakini pumba ulizoziacha zitalipia sehemu yake.

Hizo kilo 8 usimwagie mara moja. Zigawe mara nne au tano, na fungu kubwa liwe la usiku, maana tumbo la farasi halikuumbwa likae tupu. Ziloweshe kidogo kabla ya kumpa. Farasi anayesimama siku nzima akila vikavu na kunywa kidogo, utumbo huziba, na ugonjwa wa tumbo utamuua mapema kuliko mguu. Kwa joto la huko anaweza kumaliza ndoo mbili za lita 20 kwa siku, hata zaidi. Andika ukutani kwa chaki amekunywa ngapi. Hesabu na marundo ya kinyesi: 8 hadi 12 kwa siku ni salama. Yakipungua sana, au akianza kutazama ubavu wake, kupiga chini kwa kwato, kulala na kuamka, usisubiri asubuhi.

Sasa ushetani. Farasi ni mnyama wa kundi, na kuzunguka usiku kucha ni upweke. Kama hakuna farasi mwingine wa kumwona, mtafutie mbuzi. Sikutanii. Nimewahi kuona farasi aliyebomoa milango miwili akatulizwa na mbuzi jike mmoja asiye na pembe, wakala pamoja, wakalala pamoja. Ongeza maranda mazito makavu chini, ukichambua misumari kwanza, kwa sababu maranda ya fundi seremala hayakosi misumari. Zoa mkojo kila siku. Ukiinama usawa wa magoti yako na macho yakawasha, jua yeye analala ndani ya hewa hiyo. Akizidi kuwa hatari, daktari anayo dawa ya kumtuliza wakati wa matembezi, na hakuna aibu kuiomba. Fundi wa kwato naye asikose kila wiki 6 hivi. Ncha ya mbele ikirefuka, kano huvutwa kila hatua.

Mjomba wako mwambie kwa adabu kwamba chuma cha moto hakisokoti nyuzi. Wazee wetu waliona farasi akipona baada ya kuchomwa, lakini aliyeponya ni ile miezi aliyopumzishwa huku vidonda vya moto vikikauka.

Limebaki la Desemba. Desemba hii isahau. Farasi aliyeumia mwisho wa Agosti tunamzungumzia Agosti ijayo, na hapo kwa watoto wepesi kwanza. Unga wa nyumbani siwezi kukuletea kwa barua, lakini mwenye farasi wawili au watatu hapo ufukweni atahitaji mkono msimu ukipamba moto. Mwombe kazi ya usaisi kwa siku, na alfajiri na jioni uwe kwa mgonjwa wako. Usimuuzie mtu akiwa hivi alivyo, eti hachechemei.

*Mzee, salamu kutoka Matondoni, Lamu. Punda wetu wa kubeba mawe alichomwa na msumari kwenye kwato. Alitolewa usaha, tukaambiwa asitoke siku 10. Tumemtenga peke yake chumba cha nyuma apumzike. Tangu juzi hagusi nyasi, amesimama tu kimya. Mume wangu anasema ametulia. Ni kweli?*
*– Mama wa punda*

Hapana, mama, na hili ni la leo. Punda si farasi mdogo. Farasi akiumia anakupigia mlango mateke, punda anakaa kimya hadi unamzika. Punda asiyekula siku mbili, mwili wake huanza kuyeyusha mafuta na kuyamwaga kwenye damu, ini linashindwa, na wengi hufika hapo kwa sababu ya huzuni tu, kidonda chenyewe kikiwa kinapona.

Tumeni mtu hospitali ya punda pale Lamu mjini. Ipo tangu 1987 na matibabu ni bure. Waambieni hajala tangu juzi, msianze na habari za msumari. Huku mkisubiri, mpeni kitu anachokipenda, hata ganda la ndizi kutoka mkononi. Tena punda huyo ana rafiki, yule anayetembea naye siku zote akibeba mawe. Mwingizeni humo chumbani sasa hivi, wagusane pua. Akianza kula, mwacheni rafiki hapo hadi siku ya 10 itimie, hata kama yeye ndiye angebeba mawe ya kesho.