Harrier ya turbo au isiyo na turbo kwa mtu wa Dodoma

Mkuu, umeuliza hivi: Toyota Harrier ya 2017 hadi 2020, cc 2000, moja ina turbo (mapanga yanayozungushwa na moshi wa injini ili kusukuma hewa zaidi ndani) na nyingine haina, bei zinakaribiana. Unakaa Nkuhungu, kazi iko Mtumba, kwenda na kurudi ni kilomita arobaini na kitu, na kila mwezi unashuka Dar mara moja na familia. Uchukue ipi? Waliokujibu "turbo ni ugonjwa" wameionea turbo bure. Waliosema "turbo ndiyo gari" nao hawajakuuliza gari litapita njia gani na litahudumiwa na nani. Kwa matumizi uliyotaja, mimi ningechukua isiyo na turbo, ila sababu siyo hiyo ya ugonjwa.

Kwanza hewa. Dodoma mjini iko mita 1,100 na ushee kutoka usawa wa bahari. Kwa kimo hicho presha ya hewa inashuka kutoka kilopaskali 101 za Dar hadi karibu 89. Injini isiyo na turbo inavuta hewa kama ilivyo, na ikivuta hewa pungufu inachoma petroli pungufu, basi nguvu inapungua kwa asilimia kumi hadi kumi na mbili. Injini ya 3ZR-FAE iliyo kwenye Harrier isiyo na turbo imeandikwa nguvu ya farasi 151 na nguvu ya kuvuta Nm (nyutoni mita) 193. Ukiwa hapa mjini unaendesha kama farasi 133 na Nm 170 hivi. Watu wengi wanaohamia kutoka Pwani wanaona gari limekuwa zito, wanabadilishiwa plagi, pampu ya mafuta, mpaka sensa ya hewa, na uzito uko palepale. Ni jiografia hiyo, haina spea.

Ya turbo inatumia injini ya 8AR-FTS: farasi 231, na Nm 350 zinazopatikana kuanzia mizunguko ya injini 1,650 mpaka 4,000 kwa dakika. Hewa ikiwa nyepesi, kompyuta ya injini inachelewa kufungua westigeti (kimlango kinachopunguza moshi unaoizungusha turbo), turbo inazunguka kwa kasi zaidi na kurudisha presha karibu na ile ya Pwani. Kwa hiyo kwa upande wa kimo tu, turbo inafaa Dodoma kuliko Dar. Lakini nguvu hiyo ina gharama. Shafti ya turbo kwa kawaida inazidi mizunguko laki moja kwa dakika, na mlimani inapanda zaidi. Hewa inayosukumwa inatoka na joto zaidi, na intakula, yaani kipozeo cha hewa hiyo, inabidi ifanye kazi ya ziada.

Je, nguvu hiyo utaitumia wapi? Nkuhungu hadi Mtumba hapana. Ni foleni ya asubuhi, makutano, alama za 50, kisha lami ya kunyooka ambayo hata IST inaimudu. Utaisikia ukirudi kutoka Dar, pale unapoacha Dumila kuanza kupandisha kuelekea Gairo, mbele yako yameongozana malori ya kontena ya Rwanda na Burundi. Ukikanyaga yenye turbo, inashika mara moja na unamaliza kupita mapema. Isiyo na turbo itapanda mizunguko 5,000 na kulia sana, itapita, ila unahitaji nafasi ndefu zaidi, na lazima uwe na subira ya kukaa nyuma ya lori mpaka nafasi hiyo ipatikane. Kama ungekuwa mtu wa mlima Sekenke kila wiki, au wa kupandisha mlima Nyang'oro kwenda Iringa na gari limejaa watu na magunia, jibu langu lingegeuka. Safari moja ya Dar kwa mwezi haitoshi kunigeuza.

Sasa vumbi, na hapa ndipo gari la turbo la Dodoma linapofia. Mitaa ya pembeni ya mji bado ni udongo mwekundu, na kuanzia Juni hadi mvua zinapoanza hewa ya barabarani ni vumbi tupu. Kwenye injini ya kawaida vumbi linalopenya linakula ringi na kuta za silinda taratibu, miaka inapita kabla hujaona moshi. Kwenye turbo vumbi hilohilo linakutana kwanza na mapanga yanayozunguka kwa kasi niliyoitaja. Ncha za mapanga zinalika na kuwa butu, presha inashuka, na mapanga yakipoteza uwiano beringi za turbo zinafuata. Fundi atakuambia turbo imekufa. Ukichunguza utakuta chanzo ni chujio la hewa la bei poa ambalo ukingo wake wa mpira haushiki kwenye boksi, au klipu moja ya boksi iliyovunjika ikafungwa kwa waya.

Namna ya kupima haihitaji mashine. Injini ikiwa imepoa, fungua boksi la chujio, toa chujio, kisha fungua klempu ya mpira unaotoka kwenye boksi kwenda kwenye turbo. Pitisha tishu nyeupe ndani ya mpira huo, upande wa baada ya chujio. Tishu ikitoka safi au na mafuta kidogo tu, sawa. Ikitoka na unga mwekundu, hewa inapita pembeni ya chujio, na hilo gari usilinunue kabla ya kuona mapanga. Mulika tochi: ncha za mapanga ziwe kali na sawa zote. Shika nati ya katikati kwa vidole, sukuma juu na chini: kucheza kidogo sana kunaruhusiwa, kwa sababu shafti inaelea kwenye oili. Kisha vuta na sukuma mbele na nyuma: hapo isicheze kabisa. Mapanga yakigusa ukuta wa nyumba yake, weka bei ya turbo nzima kwenye mazungumzo na muuzaji.

Na msipulize chujio kwa upepo wa kompresa kila mkienda kuosha gari. Upepo wa nguvu unatanua vitundu vya karatasi na kuipasua, kwa macho huoni kitu. Kwa njia za udongo, kagua kila kilomita 5,000 na weka jipya kati ya 10,000 na 15,000.

Oili wengi wanaitaja kama sababu kuu ya kuikimbia turbo. Kwa mahesabu yako siyo. Kilomita 40 kwa siku 22 ni 880, ongeza 900 za Dar, unapata karibu 1,800 kwa mwezi. Ukibadilisha oili kila kilomita 5,000, ni mara nne kwa mwaka, na kwa vumbi la hapa hata isiyo na turbo ningeibadilisha kila 5,000 au 6,000. Kopo la lita 5 linatosha kwa injini yoyote kati ya hizo mbili. Tofauti ya pesa ni ndogo. Tofauti kubwa ni kwamba injini ya kawaida inakusamehe ukichelewa au ukiuziwa oili feki, turbo haisamehi. Shafti yake inaelea kwenye utando mwembamba wa oili, na oili iliyochoka ikikaa kwenye nyumba yenye joto inageuka mkaa, inaziba njia, beringi zinakauka. Kwa turbo ya petroli yenye kupulizia mafuta moja kwa moja kwenye silinda, tafuta kopo lililoandikwa API SP. Daraja hilo lilikuja 2020 na linasaidia kuzuia mlipuko wa mapema ndani ya silinda, ule unaovunja pistoni injini ikilazimishwa kuvuta kwa mizunguko ya chini. Unene soma kwenye kitabu cha gari, usiamuliwe na muuza duka.

Kuzima gari ni kitu kidogo, watu wanakitilia chumvi. Ukifika nyumbani kupitia mtaani taratibu, zima tu, turbo imeshapoa njiani. Ila ukitoka kupandisha mlima kwa kasi ukasimama Gairo kununua viazi, acha injini iungurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima.

Maji nayo. Maji ya bomba na ya visima vya Dodoma yana chumvi nyingi, kila mwenye birika anajua tabaka jeupe linalobaki chini. Tabaka hilohilo linajijenga ndani ya rejeta. Kwenye 8AR-FTS hata intakula inapozwa kwa maji katika mzunguko wake wa pekee wenye tangi lake, na turbo yenyewe inapitiwa na maji. Ukiona tangi lolote kati ya hayo lina maji meupe au ya kutu badala ya kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) ya waridi, jua mtu alijaza maji ya bomba. Jaza kulanti iliyokwisha changanywa. Ikibidi kuchanganya, tumia maji yaliyosafishwa yanayouzwa kwenye maduka ya betri, na uangalie usipewe asidi.

Kuhusu petroli, fungua kifuniko cha tangi usome. Ya turbo imetengenezwa kwa petroli ya Japani ya daraja la juu, ambayo viwango vyao vinataka oktani 96 au zaidi. Isiyo na turbo inatumia ya kawaida, oktani 89 au zaidi. Turbo ukiijaza oktani ya chini haitakufa kesho. Sensa inayosikiliza injini ikigonga itasikia, kompyuta itachelewesha cheche, utapoteza sehemu ya nguvu uliyolipia, na moshi utatoka wa moto zaidi kuelekea kwenye turbo. Basi mlimani usikandamize mizunguko ikiwa chini, shusha gia kwa mkono, iache ipande 2,500 na zaidi.

Gia ndilo jambo ambalo hamkulitaja kabisa, na linanipa taabu kidogo kwenye pendekezo langu. Ya turbo ina gia otomatiki ya kawaida ya hatua sita. Isiyo na turbo ina CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua. CVT haipendi oili ya otomatiki ya kawaida hata tone, na ukienda kwa fundi anayejaza "oili ya gia" kutoka kwenye pipa moja kwa magari yote, umeiua. Nunua ya CVT ya Toyota inayolingana na iliyoandikwa kwenye kitabu, ibadilishwe kila kilomita 40,000 hivi, na kipimo kifanyike injini ikiwa na joto linalotakiwa. Pia 3ZR-FAE ina mfumo wa Valvematic, unaobadilisha kiasi cha vali kufunguka, na kidhibiti chake kinajulikana kwa kuharibika: taa ya cheki injini inawaka, gari linakosa nguvu, mashine ya kupimia inasoma namba ya hitilafu P1047 au P1049. Kabla ya kununua, piga mashine hata kama taa imezimika. Kwa ya turbo, namba za kuogopa ni P0299, presha haifiki, na P0234, presha imezidi.

Ukikagua ya turbo, lichukue gari asubuhi kabla halijawashwa. Liwashe, liache liungurume dakika tano, kisha kanyaga ghafla mtu akiwa nyuma. Moshi wa bluu wakati huo unamaanisha oili inapita kwenye sili za turbo au za vali. Moshi mweusi, kuna hewa inayovuja kati ya turbo na injini. Mlio kama king'ora unaopanda na mizunguko ni mpira uliopasuka au shafti iliyolegea. Kabla hujahukumu turbo, waambie wakague vali ya PCV, inayotoa mvuke wa ndani ya injini. Ikiziba, presha ndani ya injini inasukuma oili kwenye sili za turbo, na watu wananunua turbo mpya kwa kosa la kifaa kidogo. Angalia pia kama masega, yaani kisafisha moshi kwenye ekzosi, yapo. Yakiwa yamejaa masizi, moshi unakwama na turbo inaungua.

Aliyetaja Mazda CX-5 ya dizeli kama njia ya kati: kwa safari zako za mjini, hapana. Ile ina turbo mbili na chujio la masizi linalohitaji mwendo mrefu ili lijisafishe. Ukikatisha kila mara, dizeli inashuka kwenye oili na kipimo kinapanda badala ya kushuka. Stiki yake ya kupimia oili ina alama ya X juu ya alama ya kujaa, oili ikiifikia badilisha siku hiyohiyo. Ni gari zuri kwa mtu wa Singida au Kondoa kila wiki. Golf za Volkswagen zenye injini ndogo za TSI (petroli yenye turbo) nazo, shida yake kubwa ni mnyororo na gia ya klachi kavu kuliko turbo. Na mkiona Land Cruiser mkonga za 1HZ, cc 4200 bila turbo, zinapambana na vumbi miaka yote, sababu ni hiyo: hewa inavutwa juu, na hakuna kitu kinachozunguka mizunguko laki moja.

Ukiamua turbo hata hivyo, wiki ya kwanza fanya haya kwa mpangilio huu. Badilisha oili na chujio lake bila kujali stika ya muuzaji inasema nini, weka chujio jipya la hewa na uhakikishe klipu zote za boksi zinabana, kagua kila klempu ya mipira ya presha kwa bisibisi, pima plagi maana pengo la turbo ni dogo kuliko la injini ya kawaida na haliongezwi kwa kubahatisha. Endesha kilomita 500, rudi uvute stiki ya oili gari likiwa mahali tambarare. Ikiwa imeshuka wazi, tafuta inakokwenda kabla hujashuka Dar na watoto.